Kuenda masaa saba, kurudi ishirini na mbili? Jinsi ya kuhesabu safari ya Nairobi mpaka New York

Swali hili watu wa mtaani kwetu wananiuliza kila wakati, "kutoka hapa Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi?", na mtu akiuliza hivyo anataka namba moja tu aandike akate simu. Namba iko, ni kama 15 kwa ndege ya moja kwa moja. Shida ni kwamba ukiibeba hiyo 15 peke yake ukampelekea mzazi ambaye hajawahi kupanda ndege kwenda mbali, hiyo haimsaidii sana, manake haimwambii atoke nyumbani saa ngapi, atafika siku gani, wala kwa nini tiketi yake imeandikwa masaa ambayo hayaingiliani na hesabu yoyote ile.

Mimi sifanyi kazi ya ndege na siuzi tiketi. Nilikulia upande wa Embakasi, ndege zikipita juu ya mabati yetu mchana na usiku, na hayo mambo ya ramani na masaa nimeyapenda tangu nikiwa mdogo, kwa hivyo watu wamezoea kunitumia tiketi zao kwa WhatsApp niwasomee. Sasa hivi ni zamu ya mama mkubwa, dadake mamangu, anaenda New Jersey mwezi wa kumi na mbili kuona mjukuu. Juzi nimemkuta mezani na miwani yake na ile tiketi imeprintiwa kwa saiba, ametoa kalamu ameanza kuhesabu na vidole, akaniambia, "Hebu kaa hapa mwanangu. Hapa naona natoka usiku dakika tano kabla ya saa sita, nafika asubuhi dakika tano kabla ya saa moja. Hayo ni masaa saba. Halafu kurudi natoka saa sita mchana nafika saa nne asubuhi kesho yake. Hayo ni ishirini na mbili. Ndege ni ile ile, kwani kurudi wanapitia wapi?"

Swali zuri sana hilo, na amehesabu sawasawa kabisa. Tiketi ndiyo haielezi kitu.

Jibu ni kwamba kila saa iliyoandikwa kwa tiketi ni saa ya mahali ndege iko. Kutoka ni saa ya Nairobi, kufika ni saa ya New York. Mwezi wa kumi na mbili New York iko nyuma yetu kwa masaa 8. Kwa hivyo akitua saa 06:55 asubuhi ya kule, huku kwetu ni 14:55, saa nane na dakika hamsini na tano mchana. Kutoka dakika tano kabla ya saa sita usiku mpaka hapo ni masaa 15. Kurudi unafanya kinyume, zile 22 unatoa 8, unabaki na 14. Basi. Nilimwandikia hivyo kando ya tiketi, saa ya Kenya pande zote mbili, akatulia.

Na hii tofauti ya masaa 8 haikai mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linachomoza karibu wakati ule ule Januari hadi Disemba, hatuna sababu ya kugusa saa. Wamarekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hivyo kuanzia Machi mpaka Novemba tofauti na New York ni masaa 7, miezi iliyobaki ni 8. Kama mtu wako yuko Minnesota ongeza saa moja, ni 8 au 9, na California ni 10 au 11. Hii ndio inafanya watu wapigiane simu saa tisa usiku halafu waudhike bure.

Sasa tuje kwa umbali wenyewe, hapa ndipo mimi napenda. Kutoka JKIA, uwanja wetu wa ndege Nairobi, mpaka JFK, uwanja wa New York, ni kama kilomita 11,800. Kwa mtu wa hapa namba hiyo haingii kichwani, lakini Nairobi mpaka Mombasa kwa hewa ni kilomita 420 hivi, kwa hivyo ni kama kwenda Mombasa mara 28 bila kushuka. London ni kama 6,840, Dubai ni kama 3,550. Ukitazama ramani ya ukutani, ile ya shuleni, utaona ni kama ndege ingepita juu ya Cameroon, Nigeria, Mali, Mauritania, halafu ivuke bahari mpaka Marekani, mstari umenyooka kama rula. Sio hivyo. Dunia ni duara na ile ramani imelazwa bapa kwa lazima, kwa hivyo mstari ulionyooka pale kwa ukuta sio njia fupi. Chukua mpira, weka alama ya Nairobi na ya New York, vuta uzi kati yao mpaka ukaze. Huo uzi utapanda juu upande wa kaskazini zaidi ya ulivyotarajia, utapita Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, uingie baharini kusini ya Casablanca, halafu uvuke Atlantiki mpaka kule. Hiyo ndiyo njia fupi, na ukilinganisha na ule mstari wa rula unaokoa zaidi ya kilomita 300.

Lakini rubani hafuati uzi kama ulivyo. Anakwepa dhoruba, anafuata njia alizopewa na waongoza ndege, na kuna anga zingine hazipitiki. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 anga yao ilifungwa kwa ndege za abiria, na kila ndege iliyokuwa inakata pale kutoka Afrika Mashariki kwenda kaskazini ikabidi izunguke. Kwa hivyo ukiona leo umeambiwa masaa 15 na mwaka jana binamu yako aliambiwa karibu hivyo lakini na dakika tofauti, hakuna aliyekudanganya.

Kwa sababu dunia ni duara hivyo kuna kitu kinashangaza watu nikiwaonyesha. Ukienda New York kupitia London, jumla ni kama kilomita 12,380. Umeongeza kati ya kilomita 500 na 600 tu juu ya njia ya moja kwa moja, safari ya Mombasa na kidogo. Ukipitia Dubai ni kama 14,570, juu unaanza kwa kwenda mashariki ndio urudi magharibi. Na bado watu wengi wanapitia huko, kwa sababu ya bei, na sio vibaya, nitafika hapo.

Ndege ya moja kwa moja yenyewe sio kitu cha zamani. Kenya Airways ilianza safari ya Nairobi mpaka New York bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018, na Dreamliner, Boeing 787-8. Ilibidi kwanza nchi yenyewe ipite ukaguzi wa Wamarekani wa usalama wa anga, tukapewa ile daraja ya kufaulu, Category 1, Februari 2017. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ushuke mahali, Ulaya au Uarabuni au Addis, na mzee asiyejua Kiingereza vizuri atafute geti peke yake kwenye uwanja mkubwa kuliko mji wake. Nakumbuka vile habari hiyo ilipokelewa hapa, watu walifurahi kabisa, na walikuwa na haki.

Sasa hesabu ya masaa. Dreamliner ikiwa juu inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900 utapata 13 na kitu. Mbona basi 15? Kwanza masaa ya tiketi yanahesabiwa tangu ndege inatoka getini mpaka inasimama geti la kule, sio hewani tu, kwa hivyo kuna kutembea polepole mpaka kwa ranwei, kuna kungoja foleni ya kuruka, na JFK hizo foleni ni ndefu. Lakini sababu kubwa ni upepo.

Huko juu, kilomita 9 mpaka 12 hivi, kuna mito ya upepo inaitwa jetstrimu, inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, wakati mwingine hata 300. Inatokana na joto la huku kwetu tropiki na baridi ya kule karibu na ncha za dunia, hewa inasukumana, halafu dunia ikizunguka inaupinda huo upepo uelekee mashariki. Ukienda Marekani unapigana nao kifuani. Ukirudi unakusukuma mgongoni. Ndio maana kuenda ni 15 na kurudi 14, barabara ni moja. Mnamo Februari 2020, kukiwa na dhoruba iliyopewa jina Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni masaa 6 na kitu. Injini hazikubadilishwa, ni upepo tu.

Kuna watu wananiambia hapana, ni dunia inazunguka, ati ndege ikiwa hewani dunia inaikimbilia au inaikimbia. Huwa nawaambia hivi: hapa ikweta ardhi inazunguka kwenda mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa. Kama ndege ingekuwa inaachwa na ardhi, basi ungepanda helikopta pale uwanja wa Wilson, usimame tu hewani, na kwa dakika kumi hivi Kisumu ingekuwa imefika chini yako. Haifanyiki, kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege iko ndani ya hiyo hewa. Kinachokuongezea au kukupunguzia muda ni hewa inayotembea tofauti na ardhi, yaani upepo.

Na kuna jambo la Nairobi lenyewe. JKIA iko juu kama mita 1,620 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mabawa yanapata mahali padogo pa kushika na injini zinavuta hewa kidogo, na jua likiwaka inakuwa mbaya zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15, na watu, na mabegi ya watu wanaopeleka unga na majani chai kwa jamaa, ni nzito ajabu. Usiku kukiwa na baridi hewa inashikana zaidi, kunyanyuka kunakuwa rahisi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuona safari ndefu zikiondoka hapa usiku, na pia ndio ranwei yetu ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ukisimama upande wa Mombasa Road usiku ukaona moja inapaa pole pole kama haitaki kuacha ardhi, jua hiyo inaenda mbali.

Mama mkubwa ana presha, kwa hivyo aliuliza kama huko juu hewa itamtosha. Hapa nilikuwa na habari nzuri. Ndege haiachi hewa ya ndani iwe nyepesi kama ya nje, inajazwa, na kwa ndege nyingi inaweza kufikia hali ya mtu aliye kwenye mlima wa mita 2,400. Dreamliner imetengenezwa isipite kama mita 1,800. Nairobi yenyewe iko kama 1,795. Yaani mtu wa Nairobi akikaa kwa Dreamliner hewa anayovuta, kwa upande wa presha ya hewa yenyewe, ni ya nyumbani kwake. Ukavu wa hewa ndio tatizo lingine, anywe maji, na kila baada ya masaa mawili hivi asimame atembee mpaka choo hata kama hataki kwenda, manake kukaa masaa mengi bila kusogeza miguu kunaweza kugandisha damu, na kwa mtu wa umri wake hilo sio jambo la kupuuza. Daktari wake ndiye atamwambia kuhusu dawa na masaa ya kuzimeza, kwa sababu ukibadilisha saa kwa masaa 8 hata ile ya "asubuhi na jioni" inachanganya. Tumemwandikia aende kliniki kabla ya safari.

Tarehe za usiku ndizo zinanipa wasiwasi zaidi. Kuna mzee wa kanisani kwetu alikuwa na ndege ya saa 00:30 tarehe 12. Akaandaa mabegi, akalala vizuri tarehe 11, tarehe 12 usiku akaenda na familia nzima na matatu mbili za kumsindikiza, wakaimba, wakaomba, kufika pale kaunta akaambiwa ndege yako iliondoka jana usiku. Hakuna mtu alimweleza, hata yule aliyemuuzia tiketi. Saa 00:30 tarehe 12 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatoka nyumbani tarehe 11 jioni. Ukiona tiketi ya mzazi imeanza na sifuri mbili, usimwachie tarehe hivyo, mwambie kwa siku, "mama, ni Jumanne, ukishakula chakula cha jioni tunaondoka". Na ukiona alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika, maana yake ni kesho yake.

Sasa kuunganisha ndege au moja kwa moja. Nairobi mpaka Dubai ni kama masaa 5, Dubai mpaka New York ni kama 14, hiyo tayari ni 19 hewani, weka masaa matatu ya kungoja, 22. London ni kama 9 na 8, jumla 17, na kungoja juu yake. Lakini zile tiketi za bei ya chini mara nyingi zina kungoja kurefu, masaa tisa, kumi na moja, na hapo safari inafika masaa 30 bila wewe kujua, kwa sababu uliangalia bei tu. Kwa kijana mwanafunzi, mgongo wake bado mzima, aokoe pesa zake apitie popote, ilimradi ni tiketi moja na mabegi yamechekiwa mpaka mwisho, na ameangalia kama nchi ya kupitia inataka viza. Tiketi mbili tofauti ndio mtego, ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji, na hakuna atakayekulipa. Kwa mama mkubwa tulichanga sisi watoto wote, tukalipia ya moja kwa moja. Mtu wa sabini na kitu kutafuta geti saa kumi usiku kwenye uwanja ambao kila kitu kimeandikwa lugha za watu, mimi siwezi kukubali hata ikiwa tofauti ni elfu arobaini.

Hayo yote bado ni ya ndege. Safari ya mama mkubwa inaanza nyumbani kwake Donholm. Wanataka ufike masaa matatu kabla, yaani kabla ya saa tatu usiku awe ameshuka kwa gari. Na kabla ya kuona jengo lenyewe kuna ule ukaguzi wa usalama wa barabarani, na siku za Disemba foleni ya pale inaweza kula nusu saa. Ikinyesha, barabara ya Outering inasimama kabisa. Kwa hivyo anatoka kwake saa moja na nusu usiku, na watu wa kumsindikiza wawe wachache, waage nyumbani. Kule JFK ukishashuka kuna foleni ya uhamiaji, kuna mabegi, halafu JFK yenyewe iko Queens, kufika New Jersey lazima uvuke mji mzima asubuhi wakati watu wanaenda kazini. Ukijumlisha mlango wa Donholm mpaka mlango wa mjukuu, ni masaa 22 au 23.

Kitu kimoja kizuri cha hiyo saa aliyopewa: anaondoka karibu na saa sita usiku, anaenda magharibi usiku ukienda naye, na Disemba New York jua linachomoza baada ya saa moja asubuhi. Kwa hivyo karibu masaa yote 15 nje ni giza. Nimemwambia avae soksi, ajifunike leso yake, alale, asimsikilize jirani wa siti anayetaka kuongea.

Na sisi tunaobaki, tusianze kupiga simu asubuhi. Tutaamka saa kumi na mbili, tutakunywa chai, tutaenda kazini, na yeye bado yuko hewani na masaa kama tisa mbele yake. Atatua karibu saa tisa mchana ya kwetu. Weka uhamiaji, weka mabegi, weka mtoto wake kumtafuta pale nje. Simu yake tuitarajie kuanzia saa kumi na moja jioni, na nimeshaandika hivyo kwa grupu ya familia, na nimeibandika juu kabisa ili mtu asiulize tena.